Transfoma za msongo mkubwa kutoka kwa muuza vyuma vikuukuu: ipi nitumie na ipi niache?

Barobaro wa Tudor ameuliza:

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Mwezi uliopita nilinunua kwa muuza vyuma vikuukuu mmoja wa Shimanzi mzigo mdogo wa transfoma, ambazo yeye aliniuzia kwa kilo, kama chuma na shaba tu. Ziko nne. Ya kwanza ni ya mabango ya taa za neoni. Ni nzito, imejazwa lami, na kibati chake bado kinasomeka: volti 230 na hezi 50 upande wa kuingizia, volti 10,000 na miliampia 30 upande wa kutolea. Mbili zimetolewa ndani ya maikrowevu, na moja kati ya hizo ina maandishi ya Kijapani pamoja na namba 100 V na 60 Hz. Ya nne ni sanduku la chuma lenye ukubwa wa debe dogo, lina mafuta ndani, kibati chake kimeliwa na kutu, na mafuta yenyewe yanavuja kidogo kwenye kona moja.

Nina mambo matatu kichwani. Mpwa wangu yuko sekondari na anataka kuonyesha ngazi ya Yakobo katika maonyesho ya sayansi ya shule yao, ule mwanga wa umeme unaopanda baina ya nyaya mbili hadi ukakatika juu. Shemeji yangu huuza sinia na fremu za mbao kwa watalii, naye ameona picha za mbao zilizochomwa michoro kama matawi ya radi, akaniomba nimtengenezee mashine ya kazi hiyo. Mimi mwenyewe ningependa mashine ya kuchomelea vibati vya betri, vile vipande vyembamba vya nikeli vinavyounganisha betri moja na nyingine, kwa kuwa watu wengi huniletea tochi na kompyuta za mkononi zenye betri zilizokufa.

Nilisomea elektroniki kwa mwaka mmoja, na najua kutumia mita, lakini sijawahi kugusa kitu kinachozidi volti 240. Nyumbani tuna kile kikatizi cha uvujaji wa umeme ambacho wengi hukijua kwa herufi ELCB, na nimekijaribu, kinafanya kazi vizuri. Je, nikiunganisha vitu hivi kwenye soketi inayolindwa na kikatizi hicho, si nitakuwa salama hata nikikosea?

Mstaafu wa Makupa amejibu:

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimefanya kazi ya umeme mkubwa kwa miaka zaidi ya thelathini kabla ya kustaafu, na nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuweka hai au litakalokuua. Hapana, hutakuwa salama. Kikatizi chako hakitakuona kabisa.

Kikatizi hicho hulinganisha mkondo unaoingia kwa waya wa moto na ule unaorudi kwa waya wa nyutro, na tofauti ikifika kama miliampia 30 hukata, kwa kuwa tofauti hiyo maana yake ni kwamba kuna umeme unaopotea njiani kuelekea ardhini, pengine kupitia kwa mtu. Lakini transfoma ina koili mbili zisizogusana, ya kwanza ya kuingizia umeme na ya pili ya kutolea. Mtu akijiweka baina ya ncha mbili za koili ya pili, mkondo unaompitia huanzia kwenye koili hiyo na kurudi kwenye koili hiyo hiyo. Huku upande wa soketi, waya wa moto na wa nyutro vinabeba mkondo ulio sawasawa, kana kwamba umewasha taa. Kikatizi kitakaa kimya mpaka mwisho. Hata transfoma ya maikrowevu, ambayo ncha moja ya koili yake ya pili imefungwa kwenye chuma cha kiini, haibadilishi jambo hili, maana umeme unaotoka kwenye ncha ya pili unatafuta njia ya kurudi kwenye chuma hicho wala haudai kitu kwa waya za nyumba yako. Nimekutana na mafundi wenye vyeti ambao hawakuwa wanalijua hili, ndiyo maana sikulaumu kwa kuuliza, nakushukuru.

Sasa tuje kwenye transfoma zenyewe. Wengi huangalia volti na kusema ya 10,000 ndiyo kali na ya 2,000 ni ndogo. Ni kinyume. Volti ndizo zinazopasua ngozi na kufungua njia, na volti 2,000 zinatosha kabisa kwa kazi hiyo, hasa kwa mtu mwenye jasho aliyesimama na ndala kwenye sakafu ya saruji, kama tunavyofanya kazi sote hapa Mombasa. Baada ya njia kufunguka, kinachoamua ni mkondo ambao transfoma inaweza kuusukuma. Binadamu huanza kuhisi umeme kwenye miliampia 1 hivi. Kuanzia 10 hadi 20 misuli ya mkono hukaza na mtu hushindwa kuachia alichokishika. Na kuanzia karibu 50 hadi 100, ukipita kifuani kwa muda wa pigo moja au mawili ya moyo, moyo huacha kudunda na kuanza kupapatika. Transfoma ya maikrowevu hutoa volti 2,000 au 2,100 hivi, na inaweza kusukuma miliampia 500 na zaidi bila kuonyesha dalili yoyote ya kulemewa. Miliampia 500, mwanangu. Nguvu yake ni zaidi ya wati 1,000, imetengenezwa kupasha chakula, na mwili wako kwake ni mzigo mdogo. Hakuna katika vitu vya nyumbani kilicho hatari kuliko hicho, na nasema hivyo nikijua televisheni za zamani zenye kioo kikubwa zilivyokuwa.

Ile ya neoni ina tabia nyingine. Ndani yake kuna vipande vya chuma vilivyopenyezwa baina ya koili ili sehemu ya sumaku ipite kando, na kwa sababu hiyo hata ukigusanisha ncha zake mbili hutapata zaidi ya hizo miliampia 30 zilizoandikwa. Kwa kawaida katikati ya koili ya pili imeunganishwa na kasha la chuma, kwa hiyo kila ncha ina volti 5,000 dhidi ya kasha, na 10,000 baina ya ncha na ncha. Usidhani miliampia 30 ni kitu cha mchezo. Nimekwisha kukutajia kwamba 20 zinatosha kukufanya ushindwe kuachia, na mtu asiyeweza kuachia huendelea kupitishwa umeme mpaka pumzi ikatike. Ila ukweli ni kwamba baina ya hizi mbili, ya neoni imewekewa mpaka na mtengenezaji wake, na ya maikrowevu haina mpaka unaomfaa binadamu.

Ngazi ya Yakobo yenyewe si kitu kigumu. Hewa kavu huvunjika kwa takriban volti 3,000 kwa kila milimita, kwa hiyo nyaya mbili ngumu za shaba hukaribiana chini kwa milimita chache na kuachana kidogo kidogo kadiri zinavyopanda. Cheche huzaliwa pale pembamba, hewa iliyopata moto huinyanyua, nayo huzidi kurefuka mpaka transfoma ishindwe kuilisha. Watu hupenda kuitazama, na mimi pia, sina haja ya kuficha. Lakini nyaya hizo ziko wazi tangu chini hadi juu na zina volti 10,000 baina yake. Katika ukumbi wa shule wenye watoto mia wanaosukumana, singekubali ionyeshwe isipokuwa iwe ndani ya sanduku la plastiki ngumu inayopitisha mwanga, lenye matundu madogo ya hewa juu, mlango wake uwe na swichi inayokata umeme unapofunguliwa, na kitufe cha kuwashia kiwe cha kushikilia, kile ambacho ukikiachia tu umeme unakatika. Kasha la transfoma lifungwe kwenye waya wa ardhi ulio wa kweli. Nyumba nyingi za zamani za mjini zina soketi ya matundu matatu ambayo tundu la tatu halijaunganishwa na chochote, kwa hiyo lipime kwanza. Tena isiwashwe kwa dakika nyingi mfululizo katika chumba kilichofungwa, kwa sababu cheche hizo huzalisha ozoni inayokwaruza mapafu.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vilivyoandikwa katika nchi za baridi hulipitia haraka, nasi tunaoishi kando ya bahari hatuwezi kulipitia haraka. Chumvi. Upepo wa kusi huileta kila siku, hukaa juu ya vigae vya kauri na plastiki kama vumbi, na unyevu wa usiku unapoikuta, uso wa kihami hugeuka njia ya umeme. Kihami kilichokuwa kinazuia volti 10,000 mchana wa jua kinaweza kupitisha cheche alfajiri. Transfoma iliyolala uwanjani Shimanzi miaka kadhaa ina chumvi hiyo ndani na nje. Ioshe kwa kitambaa na spiriti, iache ikauke siku kadhaa mahali penye joto, kisha pima uhami baina ya koili na kasha kwa mita ya kupimia uhami kabla hujafikiria kuipa umeme.

Kuhusu ile ya Kijapani, jibu ni fupi. Imetengenezwa kwa volti 100, na ukiichomeka kwenye 240 kiini chake kitashiba sumaku papo hapo, mkondo utapanda bila kiasi, na ama saketi breka itaruka ama koili itawaka. Japani nusu ya mashariki hutumia hezi 50 na nusu ya magharibi hezi 60, na mpaka wake uko karibu na mto Fuji. Yako ni ya magharibi. Hata ukiipa volti 100 kamili hapa petu, hezi 50 zitaufanya mzigo wa sumaku kwenye kiini uzidi kwa asilimia 20, nazo transfoma za maikrowevu tayari hutengenezwa zikiwa ukingoni kwa ajili ya kuokoa chuma. Iweke kando.

Mchongaji wa Changamwe amejibu:

Naomba nizungumze na huyo shemeji kupitia kwako, ndugu yangu, kwa sababu mimi ni mtu wa mbao na jambo hilo la michoro ya radi limenigusa karibu mno.

Michoro hiyo ina jina la Lichtenberg, mwanafizikia wa Ujerumani aliyeiona kwa mara ya kwanza mwaka 1777, yeye akiitengeneza kwa vumbi juu ya kihami wala si kwa kuchoma mbao. Hiki cha mbao kimeenea kwa video, na karibu kila mashine inayoonyeshwa humo ni transfoma ya maikrowevu ile ile aliyoieleza mzee, ikiwa na nyaya mbili na misumari miwili, juu ya meza iliyolowa. Mbao lazima iloweshwe ili ipitishe umeme. Kwa hiyo mtu anafanya kazi na volti 2,000 juu ya maji, mikono ikiwa mibichi, na macho yake yakiwa yamevutwa na mchoro unaotambaa badala ya kuangalia vidole vyake viko wapi. Huko Marekani American Association of Woodturners, chama cha wanaochonga mbao kwa kerezo, kimeupiga marufuku ufundi huu katika shughuli zake zote, na watu zaidi ya 30 wamerekodiwa kufa kwa kuufanya. Wengi wao hawakuwa wajinga. Baadhi yao walikuwa na ujuzi wa umeme.

Katika karakana tuliyokuwa tukishirikiana, mwenzangu alitengeneza mashine hiyo na akauza mabao kadhaa ya kukatia mboga. Siku moja alimwambia kijana azime, kijana akazima soketi ya jirani yake. Mwenzangu aliinama kusogeza msumari. Hakupiga kelele; nilichosikia ni meza ikigonga ukuta. Kijana aliivuta plagi, na hilo ndilo lililomwokoa, likaniokoa na mimi, kwani nilikuwa nimekwisha kunyoosha mkono nimshike bega. Mwenzangu alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na mpaka leo hawezi kushika patasi kwa muda mrefu. Alikuwa na mkono mzuri kuliko sisi sote.

Mwambie shemeji anunue kalamu ya moto, ile yenye ncha ya waya inayopashwa na volti chache tu. Inachoma mistari ya giza na ya nuru, inachora majani, majahazi, hata nakshi za milango ya Lamu, na mtalii anayepita Nyali atailipia zaidi kuliko mchoro wa radi usio na mkono wa mtu ndani yake. Itamchukua wiki kadhaa kuizoea. Wiki hizo azivumilie.

Fundi Betri wa Kongowea amejibu:

Mimi nitajibu lile la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo matumizi bora kabisa ya transfoma ya maikrowevu, kwa sababu unaanza kwa kuutoa ule upande wa hatari.

Chukua ile nyingine ya maikrowevu, ya volti 240. Koili yenye waya mnene na mizunguko michache ndiyo ya kuingizia umeme. Yenye waya mwembamba kama uzi na mizunguko mingi ndiyo ya msongo mkubwa. Ukipima kwa mita, ya kwanza itakuonyesha omu chache au pungufu, na ya pili itakuonyesha kama omu 100, kwa hiyo huwezi kuzichanganya ukiwa makini. Kata ile ya pili kwa msumeno wa chuma, usawa na kiini, pande zote mbili, kisha isukume mabaki nje kwa kipande cha mbao ngumu na nyundo. Ondoa pia vile vipande vya chuma vya katikati, na ile mizunguko michache ya waya uliokuwa ukipasha nyuzi za magnetroni, kile kifaa kinachozalisha mawimbi ya kupashia chakula. Nenda polepole, maana ukikwaruza koili ya kwanza kazi imekwisha.

Katika nafasi iliyobaki pitisha kebo nene mizunguko miwili. Transfoma hizi hutoa takriban volti 1 kwa kila mzunguko, kwa hiyo utapata karibu volti 2 na mkondo wa mamia ya ampia. Volti 2 hazikudhuru hata ukizishika kwa mikono yenye jasho. Hatari inayobaki ni ule upande wa soketi, ambao ni umeme wa nyumba wa kawaida, na kwa upande huo kile kikatizi chako sasa kinafanya kazi yake, mradi kiini umekifunga kwenye waya wa ardhi.

Usiendeshe mashine hiyo kwa swichi ya mkono. Mzunguko mmoja wa umeme wetu ni milisekunde 20, na kibati cha nikeli chenye unene wa milimita 0.15 kinahitaji mizunguko michache tu. Mkono wa binadamu hauwezi kupima muda huo, na ukichelewa unaipasha betri yenyewe. Betri ya lithiamu iliyotobolewa au kuchemshwa ndani huwaka moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Tengeneza kipima muda cha elektroniki kinachofungua triaki, yaani swichi ya elektroniki, upande wa soketi. Jaribu kwanza juu ya betri iliyokufa kabisa, vuta kibati kwa koleo, na ukiona kimechanika huku nukta zimebaki zimeshika, muda umekaa sawa.

Jambo la nyongeza: kama maikrowevu ulizozipata zilikuja na kapasita zao, usiziguse kabla ya kuzimaliza umeme. Ni kama mikrofaradi 1 hivi, lakini hubaki na karibu volti 3,000 baada ya kuzimwa. Ndani yake kwa kawaida kuna rezista ya megaomu 10 inayoutoa umeme huo kwa muda usiozidi dakika moja. Rezista hiyo ikikatika, kapasita itakungoja. Zimalize kwa rezista kubwa yenye mpini mrefu wa plastiki, kisha fungia ncha zake kwa waya. Na magnetroni usiivunje kutafuta sumaku, kwa sababu kauri ya baadhi yake ina oksidi ya berili, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki.

Barobaro wa Tudor ameandika:

Shikamoo mzee wangu wa Makupa, na asanteni sana nyinyi wengine. Nimesoma majibu haya mara mbili, la mchongaji nimemsomea shemeji kwa sauti, naye amekubali habari ya kalamu ya moto bila kubishana. Limebaki lile sanduku la mafuta. Jirani mmoja anayeunda mashine za kuchomelea vyuma ameniomba mafuta hayo ayatie kwenye mashine yake ili isipate moto, na mwingine amesema yanafaa kupaka miguu yenye maumivu. Niyagawe?

Mstaafu wa Makupa amejibu:

Marahaba. Usigawe hata tone, wala usiendelee kulifungua sanduku hilo. Mafuta mengi ya transfoma ni mafuta ya madini yasiyo na madhara makubwa, lakini kuanzia mwaka 1929 hadi miaka ya 1970 vilitengenezwa vimiminika vyenye PCB, kemikali zilizopendwa kwa sababu haziwaki kwa urahisi na hazizeeki. Hilo la kutozeeka ndilo balaa lake. Hukaa katika mafuta ya mwili wa samaki, wa ng'ombe, na wa mama anayenyonyesha, kwa miaka mingi, na zinahesabiwa miongoni mwa visababishi vya saratani. Marekani ilizipiga marufuku mwaka 1979. Mkataba wa Stockholm, ambao Kenya imo, ulianza kutumika mwaka 2004 na uliyapa mataifa hadi mwaka 2025 kuviondoa kazini vifaa vyenye kemikali hizo. Kibati chako kimeliwa na kutu, kwa hiyo huna njia ya kuujua umri wake.

Utasikia watu wakisema utie tone kwenye glasi ya maji, likizama ni PCB, likielea ni salama. Nusu ya kwanza ni kweli, kwani PCB halisi ni nzito kuliko maji. Nusu ya pili ni hatari, kwa sababu mafuta ya madini yaliyochanganyika na PCB kidogo yataelea kama kawaida, na kiwango kinachotazamwa na mkataba huo ni sehemu 50 tu katika milioni. Glasi haiwezi kukuonyesha hilo. Maabara ndiyo inayoweza. Yule wa mashine za kuchomelea ndiye ninayemhofia zaidi, maana PCB zikichomwa kwa joto lisilotosha hutoa dioksini, ambazo ni mbaya kuliko zenyewe. Na huyo wa kupaka miguu, nakuomba umwendee leo hii, usingoje kesho. Magazeti yetu yamewahi kuandika habari za mafuta yaliyoibwa kwenye transfoma kuuzwa ya kukaangia chakula, na kila nikipita penye karai la viazi barabarani nalikumbuka jambo hilo.

Liweke sanduku ndani ya beseni lisilovuja, mimina vumbi la mbao mahali palipodondoka, vaa glavu za mpira, kisha uwasiliane na ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wakuelekeze pa kulipeleka. Jambo jingine linahusu muuzaji wako. Sanduku la namna hiyo si la maikrowevu wala bango la duka; huenda limetoka kwenye nguzo au mtambo. Mwezi Januari 2022, baada ya nguzo kubwa za umeme kuanguka kwa kuhujumiwa na nchi nzima kuingia gizani, serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa. Kaa na risiti yako, na kama hukupewa risiti, rudi ukaiombe.

Muuguzi wa Likoni amejibu:

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini kisa cha mchongaji kimenifanya niandike, kwa kuwa nimewahi kuwapokea watu wa aina hiyo katika chumba cha dharura.

Mtu akipigwa na umeme mbele yenu, msimguse. Kateni umeme kwenye swichi kuu au vuteni plagi; mkijaribu kumvuta mtu aliyeshikwa na volti 2,000 mtakuwa wawili. Kijiti cha ufagio kinachotajwa kwa umeme wa nyumba hakiaminiki kwa msongo mkubwa, sembuse kikiwa na unyevu. Umeme ukishakatika, akiwa hapumui au anakoroma kwa vituo, mlazeni chali sakafuni na mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 au 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akipiga 999 au 112. Msikome mpaka msaada ufike. Moyo unaopapatika kwa sababu ya umeme mara nyingi ni moyo wa mtu mwenye afya, na ukiendelezwa damu kwa mikono yenu una nafasi nzuri ya kurudi ukifikiwa na mashine ya kuushtua.

Na aliyepigwa akainuka akasema yuko sawa, mleteni vilevile. Kidonda cha nje huwa kidogo kama tundu la sigara, ilhali msuli ulio ndani umeiva kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Msuli uliokufa huachia kemikali zinazoziba figo, na dalili yake ni mkojo wenye rangi ya chai ya rangi. Tunahitaji kupima mapigo ya moyo kwa mashine na kumpa maji ya mishipa mapema. Wanaokuja siku ya pili, wakiwa na mkono uliovimba ukawa mgumu, ndio wanaokatwa vidole.

Ninalomwomba aliyeuliza ni dogo: asifanye kazi hii akiwa peke yake nyumbani, na huyo atakayekuwa naye aonyeshwe swichi kuu iko wapi kabla ya kitu chochote kuwashwa.

Barobaro wa Tudor ameandika:

Bi Muuguzi, asante. Nimemwonyesha mama na mdogo wangu swichi kuu, na nimeibandikia karatasi nyekundu. Yule jirani wa miguu nilimwendea jana ile ile. Alikuwa hajapata mafuta popote, namshukuru Mungu. Sanduku liko ndani ya beseni uani, na asubuhi hii nimezungumza na ofisi ya mazingira. Ya neoni nimeisafisha na naikausha. Mpwa wangu ameridhika kwamba tutajenga sanduku la plastiki kwanza, tena mwalimu wake wa fizikia alikague, na kama halitakuwa tayari kabla ya maonyesho ataonyesha kitu kingine. Ile ya Kijapani nitaikata, nitoe shaba.

Ya volti 240 nimekwisha kuitoa koili ya msongo mkubwa bila kuikwaruza ya kwanza. Nina kebo ya milimita za mraba 25 na nyingine ya 50 iliyotumika. Ile ya 50 inaingia mizunguko miwili kwa shida sana na ganda lake linakwaruza kwenye kona ya chuma. Nitumie ipi?

Fundi Betri wa Kongowea amejibu:

Tumia ya 50, ya 25 itapata moto na kukupunguzia mkondo. Livue ganda lake katika sehemu inayopita ndani ya kiini tu, uizungushie tepu ya kitambaa inayostahimili joto mara tatu, na zile kona za chuma uzipige tupa ziwe duara kabla ya kuipitisha. Ncha ziwe fupi kadiri inavyowezekana, zisizidi sentimita 30, na vichwa vya shaba vifungwe kwa boliti, visiwe vya kulehemu, kwa sababu lehemu itayeyuka. Ukimaliza pima uhami baina ya koili ya kwanza na kiini, kisha ndiyo uchomeke.